Moto wa mawe tatu ndani ya nyumba: kuubadilisha ao kuuacha?

Jamaa nyingi zilizorudi vijijini Masisi na Walikale zinajenga nyumba upya. Kabla ya kuweka mlango na dirisha, kuko swali ambalo watu hawaulizi sana: moto utakuwa fasi gani, na utakuwa moto wa namna gani? Jibu linagusa kifua cha mama, usingizi wa watoto, miti ya kilimani na hata usalama wa wasichana. Lakini moto wa zamani uko na kazi nyingi. Kuutoa bila kufikiri kunaweza kuleta hatari kubwa kuliko moshi wenyewe.

Nyumba mpya, moto wa zamani

Tangu mwanzo wa 2025, watu wa teritware hizi mbili wamekimbia na kurudi mara nyingi. Masisi-centre iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzo wa mwezi wa kwanza 2025, na Goma mwisho wa mwezi ule ule. Mwezi wa pili, kambi za wakimbizi wa ndani zilizokuwa kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa, na maelfu ya jamaa zikashika barabara ya Sake kurudi milimani. Walikale-centre nayo ilichukuliwa tarehe 19 mwezi wa tatu, kisha wapiganaji wakatoka mwanzo wa mwezi wa nne. Fasi nyingi mapigano hayakuisha pale.

Wengi waliorudi walikuta nyumba zimechomwa, manjanja yameondolewa, milango imechukuliwa. Jamaa inaanza na bashi. Kisha inatafuta fito na udongo, kisha majani ao manjanja kama pesa inapatikana. Na siku ya kwanza kabisa, hata kabla ukuta haujakauka, mama anaokota mawe tatu, anayaweka katikati ya nyumba, anawasha.

Ni jambo la kueleweka, sababu mawe hayauzwe na kila mtu anajua kuyatumia. Lakini moto ukishawekwa fasi moja, unabaki pale miaka na miaka. Nyumba inapojengwa upya ndipo kuhamisha moto kunaomba kazi kidogo. Ukuta ukishakauka, kutoboa dirisha ao kujenga jikoni la kando kunakuwa kazi ya pili, na kazi ya pili mara nyingi haifanyiki.

Moto mmoja, kazi tano

Miaka mingi, mashirika (ONG) yamekuja vijijini na majiko mapya. Mengine yalisaidia kweli. Mengine yalikaa pembeni ya nyumba, yakawa kiti cha kuku. Mara nyingi sababu si ujinga wa wamama, ila jiko lililetwa kwa kazi moja tu, yaani kupika, wakati moto wa mawe tatu unafanya kazi tano.

Kazi ya kwanza ni kupika, na hapa si kila chakula kinaomba moto sawa. Maharagi yanaomba moto wa polepole kwa saa nyingi. Bugali la jamaa ya watu kumi linaomba chungu kikubwa na nguvu ya mikono, na jiko dogo linaweza kupinduka mama anaposonga.

Kazi ya pili ni joto. Fasi nyingi za Masisi ziko juu ya mita 2,000. Usiku, baridi ya milima inaingia ndani ya mifupa, zaidi kwa mtoto mchanga na kwa mzee. Nyumba nyingi hazina blanketi za kutosha, na moto unafanya kazi ya blanketi.

Kazi ya tatu ni kukausha na kulinda. Juu ya moto kuko uchaga, na juu ya uchaga kuko mahindi ya mbegu, maharagi, kuni mbichi, nyama ao samaki. Moshi unafukuza wadudu wanaokula mbegu. Kwa nyumba ya majani, moshi unalinda pia paa, sababu mchwa na wadudu wengine hawapendi majani yaliyolowa moshi.

Kazi ya nne ni mwangaza. Fasi ambako hakuna umeme na tochi inaomba pesa ya kununua mawe, moto ndio unaonyesha nani ameingia.

Kazi ya tano ni kukutana. Watoto wanajifunza lugha ya babu zao kando ya moto. Kijiji kinasikiliza mambo yake kwenye barza, na barza haikosi moto. Masimulizi ya Wanyanga wa Walikale, kama ile ya Mwindo iliyorekodiwa kutoka kwa mzee Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapwa kwa Kiingereza mwaka 1969, hayakuzaliwa ndani ya vitabu. Yalitoka kwenye midomo ya watu waliokaa pamoja.

Kwa hiyo, mtu akisema "toa ule moto", mama anasikia: toa chakula, toa joto, toa mbegu, toa mwangaza, toa maongezi. Kama hakuna jibu kwa kila kazi, moto wa zamani utarudi jioni ile ile.

Moshi unaua, lakini polepole

Hata hivyo, upande mwingine wa hesabu ni mzito. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba iliua watu karibu milioni 3.2 mwaka 2020 duniani kote. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye hawajafikisha miaka 5. Watu karibu bilioni 2.1 bado wanapika kwa kuni, makala, mafuta ya taa ao mavi ya wanyama, kwenye moto wazi ao jiko lenye kutoa moshi mwingi.

Ndani ya nyumba ya udongo isiyo na dirisha, vile ziko nyingi milimani, moshi unazunguka na kukaa. Mama anaupumua asubuhi, mchana na jioni. Mtoto aliyebebwa mgongoni anaupumua naye, na mapafu yake bado ni madogo. Moshi ule unaleta nimonia kwa watoto, kikohozi kisichoisha kwa watu wakubwa, ugonjwa wa moyo, na macho mekundu ambayo watu wamezoea kuona kama sehemu ya uzee. Shida ni kwamba moshi hauue siku moja. Unaua baada ya miaka, na siku ya kifo hakuna anayesema ni moto.

Jambo moja linaomba kusikilizwa vizuri na wenye kugawa majiko. Nchini Malawi, kwenye wilaya za Karonga na Chikwawa, watafiti waligawa majiko ya kisasa ya kuni na kufuata watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: nimonia ya watoto haikupungua kati ya wale waliopewa jiko na wale waliobaki na moto wa zamani. Kabla yake, utafiti mwingine wa Guatemala, uliotolewa mwaka 2011, ulitumia jiko lenye bomba la kutoa moshi nje. Kule nimonia ya watoto kwa jumla haikupungua wazi, lakini ile kali zaidi ilipungua karibu theluthi moja.

Mtu asikimbilie kusema majiko hayana faida. Jiko linaweza kupunguza kuni na lisipunguze ugonjwa, kama moshi bado unabaki ndani, kama moto wa zamani unaendelea kuwaka pembeni, ama kama takataka zinachomwa mlangoni. Kwa afya, swali la kwanza ni hili: moshi unatokea wapi?

Mbabula usiku: hatari isiyoonekana

Hapa ndipo jamaa nyingi zinakosea, na kosa hili linaua kwa usiku mmoja.

Waliokaa Goma, Sake ao kambini walizoea mbabula na makala. Makala yakishashika moto vizuri hayatoe moshi mwingi. Macho hayachomwe, ukuta hauwe mweusi. Ndiyo maana mtu anayerudi Masisi anaweza kuona kwamba amepata jibu: anatoa mawe tatu, anaweka mbabula ndani, na usiku baridi ikizidi anafunga mlango na dirisha, anaziba matundu kwa nguo, anaacha mbabula inawaka ili watoto walale na joto.

Makala yanapowaka yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inaingia ndani ya damu na kuchukua fasi ya oksijeni. Mtu anaanza kusikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kukosa nguvu. Kisha usingizi unakuja. Kama hakuna anayefungua mlango, usingizi ule hauishe.

Wakaaji wa Goma na Sake wanajua mazuku, ile hewa mbaya ya volkano inayokaa kwenye mashimo na kuua mbuzi, mbwa na hata mtu. Gesi ya mazuku ni ingine, ni kaboni dioksidi, lakini somo ni lile lile: hewa inaweza kuua bila kuonekana. Kuko tofauti moja kubwa. Mazuku inakaa chini. Gesi ya makala haichague chini ao juu, inajaa nyumba yote. Kulala juu ya kitanda hakusaidii kitu, na kuweka sufuria ya maji kando ya mbabula hakuizuii.

Ikitokea watu wa nyumba moja wanaamka wote na maumivu ya kichwa na kutapika, majirani wanaweza kusema ni malaria, ao ni sumu, ao kuna mtu amewaroga. Kabla ya kutafuta adui, waangalie kama mbabula ililala ndani. Cha kufanya ni kufungua mlango, kuwatoa wote nje kwenye hewa, na kuwapeleka kituo cha afya haraka hata kama wanasema wanasikia vizuri.

Moto wa kuni wa mawe tatu nao unatoa gesi ile. Lakini moshi wake unachoma macho na kulazimisha watu kufungua mlango. Makala hayapigi kelele. Ndiyo maana mtu anayetoka kwenye moto wa kuni kwenda kwenye mbabula anaomba kubadilisha pia tabia: mbabula inawashwa nje, inapikiwa fasi yenye hewa, na haibaki ndani watu wakilala. Hapo hakuna kusema ni usiku mmoja tu.

Masisi: shida ya kuni ni shida ya udongo

Kwenye milima ya Masisi, msitu wa zamani umepungua sana. Pale ng'ombe wanakula majani leo, zamani kulikuwa miti. Kuni nyingi sasa zinatoka kwenye miti iliyopandwa, zaidi mikaratusi na grevilea, na miti hiyo iko na mwenyewe.

Tangu sheria ya mwaka 1973, udongo wote ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Lakini kijijini, mambo yanaenda kwa nguvu ya konsesyo kubwa, kwa mamlaka ya mwami na machefu, na kwa mapatano ya kukodisha shamba kwa msimu. Mkulima aliyekodi shamba anaruhusiwa kupanda maharagi na viazi. Mti haruhusiwi kupanda, sababu mti unakaa miaka mingi, na mwenye kupanda mti anaonekana kama mwenye kudai udongo. Kwa hiyo maskini wa udongo ndiye maskini wa kuni. Analazimika kununua, kuomba, kuiba usiku, ao kutembea mbali.

Kutembea mbali kuko na bei yake. Kambini kando ya Goma, wamama na wasichana wengi waliobakwa walishambuliwa wakitafuta kuni, maji ao chakula shambani. Shirika la Médecins Sans Frontières lilitangaza kwamba mwaka 2023 peke yake lilitibu watu zaidi ya 25,000 waliofanyiwa ubakaji na ukatili wa kingono nchini Kongo, na wengi wao walikuwa Kivu Kaskazini. Waliorudi milimani hawakuacha hatari ile nyuma. Njia za kuni zinapita kandokando ya vituo vya wenye silaha wa kila upande.

Hapa hesabu ya jiko inakuwa wazi. Chukua jamaa moja inayotumia mizigo 4 ya kuni kwa wiki. Jiko la udongo likitumiwa vizuri linaweza kupunguza kuni karibu theluthi moja. Kwa mwaka, ni safari karibu 70 ambazo mama ao binti hakwenda porini. Hata kama jiko halitoe ugonjwa wote, safari 70 si kitu kidogo.

Kuhusu makala, hesabu ni ngumu zaidi. Kwa tanuru ya kawaida ya udongo, kilo moja ya makala inakula kilo 5 hadi 10 ya kuni. Mufuko unaoshuka Goma juu ya lori ao chukudu umebeba nyuma yake miti mingi. Shirika la WWF lilianza mwaka 2007 mradi wa EcoMakala, wa kusaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala ili ile ya Hifadhi ya Virunga ipumzike. Ni wazo zuri, lakini mti wa makala unaomba miaka kama 6 hadi 8. Mtu ambaye hajui kama mwaka kesho atakuwa bado kwenye kilima chake, ana sababu gani ya kupanda? Amani na hati ya udongo ni kuni pia.

Walikale: msitu uko karibu, hesabu inageuka

Ukishuka upande wa Walikale, mambo yanabadilika. Fasi nyingi ziko chini ya mita 1,000, joto si shida, na msitu unaanza nyuma ya nyumba. Kumwambia mama wa Walikale "jiko hili litakuokolea kuni" ni kumuuzia maji kando ya mto.

Kule moto uko na kazi ingine nzito, ya kukausha. Samaki na nyama ambazo haziuzwe siku ile ile zinaoza, na hakuna friji. Moshi ndio friji ya Walikale. Tena mvua ni nyingi, kuni zinalowa, na kuni mbichi zinatoa moshi mara mbili. Bila uchaga juu ya moto, kuni za kesho hazikauke.

Kwa hiyo, Walikale faida ya kubadilisha moto haiko kwanza kwenye kuni. Iko kwenye moshi na kwenye watoto wanaoungua. Na jibu linaweza kuwa rahisi zaidi kuliko Masisi: sababu hakuna baridi kali, moto unaweza kutoka kabisa ndani ya nyumba ya kulala. Paillote ndogo nyuma, paa ya majani, upande mbili ao tatu wazi, uchaga juu ya moto wa kukausha, na kando yake jiko la udongo la kupika kila siku. Zamani watu wengi wa msitu walikuwa wanapika namna hiyo.

Shida inayokuja Walikale ni kwenye miji ya machimbo kama Mubi na Ndjingala. Kule watu ni wengi, nyumba zimebanana, hakuna fasi ya paillote, na watu wanageukia makala. Hatari ya mbabula ndani ya chumba kidogo inawangoja wao pia, hata kama si kwa sababu ya baridi. Mvua ikinyesha usiku, mtu anaingiza mbabula ndani ili isizime.

Nini kinaweza kuchukua fasi ya mawe tatu?

Watu wanasikia habari za gesi na umeme. Gesi ya chupa inapika haraka na haitoe moshi. Lakini inafika Goma kutoka nje ya nchi, na kuijaza tena kunaomba pesa taslimu kwa mara moja. Mwaka 2025 banki za Goma zilifungwa na pesa ikawa adimu hata mjini. Kwa mtu wa Nyabiondo ao wa Pinga, chupa ikiisha inakuwa chuma tu. Ziwa Kivu limejaa metani, na upande wa Rwanda kituo cha KivuWatt kinaigeuza umeme tangu 2016. Upande wa Kongo, gesi ile bado haijafika kwenye sufuria ya mama.

Umeme nao uko njiani polepole. Kituo cha Matebe, Rutshuru, kilifunguliwa mwisho wa 2015 na nguvu ya megawati karibu 13, na kinasaidia sana Goma. Vijiji vingi vya Masisi na Walikale haviko na waya. Na hata penye waya, kupika maharagi saa tatu kwa umeme ni hesabu ya watu wachache.

Yanabaki majiko. Kenya, tangu miaka ya 1980, mafundi wanatengeneza jiko la bati lenye tumbo la udongo uliochomwa, na jiko hilo limeenea Afrika Mashariki yote. Goma, mafundi na vikundi vya wamama wanatengeneza namna ile ile. Linapunguza makala vizuri, lakini kwa mtu wa kijiji anayetumia kuni, halimfae sana. Na likibebwa juu ya moto (pikipiki) kwenye barabara ya Masisi, udongo wake unaweza kupasuka kabla halijafika.

Kwa kijiji, jibu la karibu zaidi ni jiko la udongo linalojengwa pale pale, kama lile ambalo Rwanda wanaita rondereza. Udongo wa mfinyanzi ao wa kichuguu unachanganywa na majani yaliyokatwa ao mchanga, unajengwa kuzunguka sufuria ambazo mama anazo, mlango wa kuni unaachwa mbele, na kama inawezekana tundu la moshi linatoka nyuma mpaka nje ya ukuta. Linaachwa kukauka wiki mbili ao tatu. Likipasuka, linasilibwa tena. Halina bei ya sokoni. Bei yake ni kazi na mtu wa kufundisha.

Nani anakata shauri?

Swali hili linakaa chini ya mengine yote. Mara nyingi, mwenye kupumua moshi ni mama, na mwenye kushika pesa ni baba. Baba anarudi jioni, anakuta chakula, moto uko tayari, anapasha miguu, anaenda barza. Kwa yeye moto hauna shida. Akipata pesa, atanunua manjanja kwanza, kisha simu, kisha mbuzi. Mambo hayo yanaonekana na majirani. Jikoni halionekane.

Fasi nyingine wamama wamepata njia yao: likelemba, ao kikundi cha akiba (AVEC). Kila wiki wanatoa kidogo, na kwa zamu kila mmoja anapata fungu. Kikundi cha wamama kumi kinaweza pia kufanya kazi bila pesa: wiki hii wanajenga jiko la udongo kwa mmoja, wiki ijayo kwa mwingine. Namna hiyo hakuna anayebaki peke yake na udongo wake mkononi.

Na wenye mashirika wanaotayarisha vifaa vya waliorudi wangeuliza wamama kabla ya kuleta. Je, chungu chenu ni cha ukubwa gani? Usiku mnapata joto wapi? Mbegu mnaweka wapi? Blanketi mbili zinazotolewa pamoja na jiko zinaweza kuokoa watu wengi kuliko jiko peke yake, sababu mwenye blanketi hana haja ya kulala na mbabula.

Kwa jamaa inayojenga leo

Hakuna ulazima wa kubadilisha kila kitu siku moja. Mambo yanaweza kufuatana, kila moja kwa wakati wake.

Kwanza, kama nyumba bado inajengwa: jikoni la kando, hata dogo, hata la fito na majani. Kama haiwezekani, dirisha mbili zinazotazamana na nafasi wazi kati ya ukuta na paa upande wa moto. Hii haiombi franka.

Pili, kuni kavu. Kuni zikatwe na kupasuliwa ndogo, zikae wiki nyingi chini ya paa kabla ya kuchomwa. Maharagi yalale ndani ya maji usiku mzima, chungu kifunikwe. Kuni zinapungua hata kwenye mawe tatu.

Tatu, mbegu. Kama moshi unaondoka ndani ya nyumba, mahindi na maharagi yanaomba ulinzi mwingine: yakauke vizuri juani, yachanganywe na majivu makavu, yafungwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Ao uchaga uhame pamoja na moto kwenda jikoni la kando.

Nne, jiko la udongo, na moto wa mawe tatu ubaki kwa siku za sherehe na kwa chungu kikubwa. Kuwa na zote mbili si aibu, mradi ile ya kila siku iwe ile yenye moshi kidogo.

Tano, joto la usiku. Milimani, watu wanaweza kuota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha moto uzimwe ao makala yatolewe nje kabla ya kulala. Mawe ao chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa nguo inaweza kulala miguuni mwa mzee. Mtoto alale mbali na moto, sababu majeraha ya kuungua hayangoje.

Wazee waliolea watoto wao kando ya mawe tatu hawakukosea, sababu walitumia kile walichokuwa nacho, na moto ule uliwapa mengi. Lakini vita imevunja nyumba, na sasa nyumba zinajengwa tena. Kabla ya kusiliba ukuta, baba na mama wakae pamoja na kuamua moto utawaka wapi, na moshi wake utatokea wapi.